Sikushonwa hata uzi moja

Jana usiku mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia: "Mama mkunga, mtoto ametoka na kilo 3 na nusu, sikushonwa hata uzi moja." Nimesoma ile ujumbe mara tatu nikalia, juu mimi kwa mimba yangu ya kwanza nilishonwa na hakuna mtu alikuwa ameniambia namna ya kutayarisha mwili ili nisichanike.

Nilikuwa na miaka 22. Nilichanika mpaka kwenye misuli, wananishona huku wananiambia nikaze roho, halafu wiki 3 nzima kule kwetu Bagira nakalia tako moja kwenye kiti cha mbao, choo naiogopa kuliko uchungu wenyewe, na mama mkwe anasema nadeka. Ile neno bado inaniuma.

Njo maana kila siku ya kupima mimba nawasumbua wamama na mambo ya msamba, ile nyama iko kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kuanzia wiki ya 34 ao 35, kata kucha, nawa mikono, paka kidole gumba mafuta safi ya alizeti ao ya zeituni. Ingiza gumba ndani ya uke sentimeta 3 hivi, kandamiza chini kuelekea nyuma mpaka usikie inavuta na kuchoma kidogo, ngoja hapo huku unapumua, kisha telezesha kulia na kushoto kama unachora U. Dakika 5 mpaka 10, mara 1 ao 2 kwa wiki, inatosha kabisa. Tumbo ikikuzuia kufika, bwana yako asaidie, na kama anacheka mwambie ni wewe utashonwa.

Sidanganyi mtu: wengine wanafanya na bado wanachanika. Lakini kwa mimba ya kwanza inapunguza kushonwa na kukatwa, na wenye wamekwisha kuzaa maumivu ya kisha inawapungukia. Kama unatoka damu, chupa imepasuka, kondo ya nyuma iko chini ao uko na vidonda ao muwasho huko, usijaribu, ona mkunga kwanza.

Wamama, tuache kuona haya! Tunafundishana kupika sombe, tunafundishana kubeba mtoto mugongoni, mwili wetu wenyewe tunaunyamazia mpaka mkasi ufike.

Yule mama nimemuomba aje Jumatano awaelezee wengine kwa mdomo wake. Amekubali, nitamupa kiti changu.