Swichi ya taa imekwama? Anza na kiti cha nyuma

Juzi nimemkuta dogo mmoja hapa gereji kaking'ang'ania kishikio cha swichi ya taa ya Volkswagen Beetle kwa plaizi, anavuta kama anang'oa jino. Nikamuuliza, betri umeitoa? Akanijibu, "Fundi, si swichi tu hii?" Swichi tu! Hiyo "tu" iliwahi kunilaza chini ya dashibodi siku nne. Haya, sogeeni.

1. Kishikio hakivutwi, kinafunguliwa kama nati. Nyuma yake kuna nati ya duara yenye matundu mawili. Huna spana yake, tumia plaizi ya ncha nyembamba, polepole, usiikwaruze dashibodi ya watu. Swichi inatolewa kwa ndani, buti la mbele.

2. Betri. Ifungue kabla hujagusa swichi. Hapa ndipo penyewe.

Nilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Mwalimu mmoja mstaafu akaleta Beetle 1500 ya mwaka 1968, volti 12, gari analoliosha kwa mkono wake na hataki mtu aliegemee. Swichi ilikuwa inagoma katikati: taa ndogo zinawaka, kubwa mpaka uipige dashibodi ngumi. Ilikuwa Jumatano. Jumamosi binti yake anaolewa, na hilo ndilo gari la bibi harusi.

Betri ya Beetle, mnajua, iko chini ya kiti cha nyuma, kulia. Juu ya kiti palikuwa na maboksi ya vitu vya harusi, yamepangwa vizuri mpaka darini. Nikaona tabu kuyahamisha. Nikajiambia, ufunguo si nimeuchomoa?

Vijana, waya mwekundu wa namba 30, yaani wa moto wa betri, unatoka nyuma mpaka kwenye swichi ya taa bila kukutana na fyuzi hata moja. Una moto saa zote, ufunguo uwepo usiwepo. Nilipoisukuma swichi ndani ikaning'inia, ile ncha ya 30 ikagusa chuma cha dashibodi. Cheche ikaruka. Nikaurudisha mkono haraka, nikaiacha swichi kwa woga, ikaenda kulala palepale kwenye chuma. Kisha harufu. Kisha moshi mwembamba ukaanza kutambaa kutoka chini ya zulia, upande wa dereva.

Nikakimbilia nyuma. Maboksi yanaruka nje, maua ya plastiki yametapakaa gereji nzima, kiti nimekinyanyua, betri hiyo hapo naiona, nanyoosha mkono nifungue nati ya kichwa chake... spana nimeiacha juu ya boneti. Niliporudi nayo, plastiki ya ule waya ilikuwa imeyeyuka na kuwagandia majirani zake njia nzima.

Mwalimu hakunifokea. Alitazama, akavua miwani, akauliza, "Kijana, hesabu ulifundishwa na nani?" Bibi harusi akaenda kanisani kwa Noah ya kukodi. Mimi nikamaliza kuvuta nyaya mpya Jumapili jioni, kwa pesa yangu.

3. Ugonjwa wenyewe ulikuwa nini? Mafuta ya nazi! Mwalimu alikuwa akiyapaka kwenye fimbo ya swichi kila ikianza kuwa nzito, miaka na miaka, yakashikana na vumbi yakawa gundi. Osha kwa spiriti, acha ikauke kabisa, paka grisi kidogo kwenye fimbo. Kwenye fimbo tu, nimesema. Nimeshaona mtu anaijaza swichi grisi kama beringi ya tairi.

4. Kontakti, vile vichuma vinavyogusana ndani ya swichi, zikiwa nyeusi zisugue kwa kifutio cha penseli. Msasa utazila.

5. Zikiendelea kuungua, weka rilei, ile swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya swichi ya dashibodi. Hasa magari ya volti 6: taa mbili za wati 45 zinavuta ampea 15, wakati kwenye volti 12 ni saba na nusu. Mzigo huo wote unapita kwenye kile kiswichi kidogo, halafu mnashangaa kwa nini kina joto.

6. Ukimaliza, jaribu kuvuta na kurudisha mara ishirini kabla hujarudisha nati. Mara mbili hazitoshi, wewe unayecheka hapo nyuma.

Mwalimu bado analeta gari kwangu. Akishuka tu anafungua mlango, anakinyanyua kiti cha nyuma mwenyewe, anahakikisha nimekiona, ndipo anaitikia shikamoo yangu.