Mama wa kambo anapowasomea watoto hadithi za mama wa kambo

Nilipoolewa hapa Walukuba, Jinja, niliwakuta watoto wawili waliofiwa na mama yao. Kuwasomea hadithi jioni kukawa kazi yangu. Sasa hebu fungua vitabu hivyo vya hadithi uone: mama mzazi keshakufa hata kabla hujafungua ukurasa wa pili, kisha anaingia mwanamke kama mimi, roho mbaya, mtoto ananyimwa chakula. Shoga zangu wakasema nivifiche. Mimi nakushauri usivifiche. Watoto watazisikia kwa jirani, tena zikiwa zimetiwa chumvi.

Waeleze zilikotoka. Ndugu wa Ujerumani, akina Grimm, walipochapisha mkusanyo wao mwaka 1812, malkia aliyetaka Snow White auawe alikuwa mama yake mzazi. Aliyetoa wazo la kuwatelekeza Hansel na Gretel msituni naye ni mama yao wa kuwazaa. Walifanywa mama wa kambo katika matoleo ya baadaye. Yule malkia alibadilishwa mwaka 1819. Mkubwa wetu akauliza sababu. Nikamwambia naona watu hawakustahimili kusikia mama mzazi akifanya vile, ikabidi atafutwe wa kusingiziwa. Akacheka: "Kumbe Anti mmeonewa!"

Ila kwangu mama wa kambo si kazi. Kazi ni yule mama aliyekufa, na hapo hakuna hadithi inayonisaidia kama Njabala, ile ya Waganda. Njabala alidekezwa na mama yake hadi akakua hajui kushika jembe. Mama akafa, binti akaolewa, akapelekwa shambani, akabaki analia. Mzuka wa mama ukaja kumlimia, huku ukiimba na kumwonyesha jinsi wanawake wanavyolima.

Ukifika hapo, nyamaza kidogo. Usikimbilie mafunzo ya uvivu kama walimu wanavyopenda. Mimi niliuliza tu, "Huyu mama alimpenda mwanawe?" Mdogo akasema alimpenda, ila angemfundisha akiwa hai. Halafu akauliza kama mama yao naye anaweza kuja. Nilimjibu kwamba hilo ni la kwenye hadithi, lakini kama anataka tumzungumzie mama yake, tumzungumzie. Tukatoa picha zake. Mkubwa akasimulia alivyokuwa akipika karanga, na mimi nikauliza alikuwa anazitia nini. Wivu upo, sikatai, lakini mtoto akiuona atafunga mdomo. Kesho yake mdogo alidai kisu amenye matooke mwenyewe. Maganda yalitoka na nusu ya ndizi, nikayaacha hivyohivyo.

Kwenye mtandao, African Storybook wana hadithi za kusoma bure, za Kiswahili zikiwemo. Tafuta Simbegwire ya Rukia Nantale: mama wa kambo anamtesa mtoto, mtoto anakimbia, kisha mwanamke yule anakuja kuomba radhi. Isome bila kujipigia debe. Watoto wana masikio.

Jambo jingine dogo: maneno ya mama wa kambo mpe mtoto ayasome yeye. Wetu mkubwa huyafokea kwa ukali hadi baba yake anachungulia mlangoni kuuliza nani anagombana na nani.