Fuata Mto: Kwa Anayetaka Kuendesha Baiskeli Mbali na Malori

Juzi dada mmoja wa Morogoro ameniandikia. Amenunua baiskeli ya gia, ya mtumba lakini nzima, na kila akitoka nayo barabara kuu anarudi nyumbani anatetemeka. "Dada, malori yananipita mpaka nguo inapepea. Wewe unaendeshaga wapi?"

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kwa sababu hofu hiyo naijua. Nilianzia barabara ya Bagamoyo, alfajiri, nikiwa na kikundi cha watu wenye baiskeli nzuri na nguo za kubana. Fuso ikikupita karibu, kioo chake cha pembeni kinakuwa usawa wa sikio lako, na upepo wake unakusukuma kwanza kando kabla ya kukuvuta kuelekea kwenye lori. Wenzangu walisema nitazoea. Sikuzoea, na leo nasema wazi kwamba sioni sababu ya mtu kuzoea kitu cha namna ile. Nikawa nabaki nyuma. Siku moja kiongozi wa kikundi alinisubiri Mapinga, akaniambia mbele ya watu, "Mama, baiskeli yako hii ni ya kuendea sokoni." Jioni yake nilikuta nimeshatolewa kwenye kundi la WhatsApp, bila hata kwaheri. Miaka imepita, na bado nikilikumbuka neno lile kifua kinabana.

Lakini bila kutolewa pale nisingeijua barabara ya Soni, ile inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, milima ya Usambara. Kwa hiyo jibu langu kwa dada wa Morogoro, na kwa wote mnaoniuliza swali hilohilo, ni moja: fuata mto.

Nina maana hii. Barabara kuu zetu zinaunganisha mji mkubwa na mji mkubwa, bandari na mpaka, kwa hiyo kila lori la nchi linapita humo. Barabara inayoingia bondeni na kupanda na mto kwenda milimani ni nyingine kabisa. Haiendi mbali. Inaishia vijijini huko juu. Lori linalokwenda Arusha au Namanga halina shughuli Lushoto. Utakutana na basi la asubuhi, Noah, bodaboda, na fuso ya kabichi inayoshuka polepole kwa sababu dereva wake naye anaziogopa zile kona. Tena mto umeshakutafutia njia. Waliochonga barabara zamani hawakuwa na mashine za kupasua mlima popote wanapotaka, walishika kingo za mto, na maji hupenda kushuka kwa utaratibu. Unapopanda barabara ya namna hiyo mguu unachoka, ndiyo, ila hauvunjiki.

Nianze na Mombo hadi Lushoto, kwa kuwa ndiyo barabara iliyonifundisha kuendesha. Safari ya basi ya kufika Mombo sina la kuisema, kila mtu anaijua. Lala hapo. Mombo iko chini kwenye tambarare ya mto Mkomazi, ule unaotenganisha Upare na Usambara kabla ya kuungana na Pangani huko upande wa Korogwe. Kuna joto, kuna mkonge, na ikifika saa nne asubuhi lami inakuchoma mpaka usoni. Kwa hiyo saa kumi na mbili alfajiri uwe juu ya kiti cha baiskeli, siyo kwenye chai. Chai utakunywa Soni.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na katika hizo unapanda takribani mita 1,000. Ukali wote uko nusu ya kwanza. Ukishaiacha barabara kuu tu, mlima unakumeza. Upande mmoja jiwe lililochongwa enzi za Mjerumani, aliyekuwa akiuita Lushoto Wilhelmsthal, upande mwingine korongo, na chini kabisa unasikia maji. Unayasikia kabla hujayaona. Kona inafuata kona, na kila kona hewa inapungua joto kidogo, mpaka unafika mahali jasho la mgongoni linageuka baridi. Hapo mkonge umekwisha, imeanza migomba.

Tia gia nyepesi kabisa mapema, usisubiri mpaka miguu ianze kulalamika. Pumua kwa pua kadiri unavyoweza. Ukishindwa kuzungumza sentensi moja kamili, unakwenda mbio mno. Hilo ndilo fundisho langu kubwa na nitalirudia tena chini: nenda pole.

Kabla ya Soni kuna sehemu maji ya mlimani yametegwa kwa kipande cha bomba la plastiki, kimepachikwa kwenye ufa wa jiwe na kushikiliwa na kigongo. Nilisimama hapo kujaza chupa nikamkuta bibi mmoja ametua mzigo wake wa kuni, anaosha miguu. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," pumzi inakatika. "Marahaba mwanangu. Kunywa kidogokidogo, maji haya ya baridi yatakukata tumbo." Akaikagua baiskeli yangu, akaminya tairi la nyuma kwa kidole gumba kama anayejaribu parachichi, akasema upepo umepungua. Ulikuwa umepungua kweli. Nilikuwa nimepanda nusu ya mlima na pancha ya polepole, nikidhani ni uchovu. Alinisubiri nikiziba. Alinishikia gurudumu wakati nasugua mpira kwa msasa na kupaka solusheni, na hakuniuliza hata mara moja kwa nini mwanamke mzima yuko juu ya baiskeli milimani. Aliniuliza tu kama nimekula.

Soni ina maporomoko yake, ina chai, ina chapati, na ina mafundi wa baiskeli wanaojua kazi. Hapo barabara inagawanyika. Ukiendelea na lami utafika Lushoto kwa mwinuko laini, bonde linafunguka, mashamba ya kabichi, karoti na viazi yamepangwa kwenye matuta hadi juu ya vilele, mifereji inapita katikati. Ukikata kwenda Bumbuli unaingia kwenye nchi ninayoipenda kuliko zote: vilima vya mviringo, unashuka kwenye kijito, unavuka daraja dogo, unapanda, unashuka tena, na ukisogea zaidi inaanza chai, kijani kimoja kilichokatwa sawasawa. Huko usitegemee lami mwanzo mwisho. Tairi zile nyembamba za mashindano ziache nyumbani, weka tairi pana zenye meno kiasi.

Ukifika Lushoto pumzika siku moja kabla ya kufanya lolote. Kisha asubuhi nenda Irente, ni karibu, ukaone kule chini ulikotoka. Barabara kuu inaonekana kama uzi, na malori yaliyokuwa yakikutoa machozi hayana hata sauti. Mwenye miguu zaidi apande Magamba, kwenye msitu wa hifadhi, aendelee kaskazini kuelekea Mlalo, ambako unaanzia mto Umba unaokwenda kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga, Kenya. Mwezi wa sita na wa saba kuna baridi kali huko, chukua sweta na glovu. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, usiende kabisa. Udongo hushuka na mawe kwenye barabara ile ya Mombo, na kona zinakuwa na tope linaloteleza kama sabuni.

Kushuka ndiko kunakoua, siyo kupanda. Kagua raba za breki kabla ya kuondoka Lushoto. Usibane breki moja kwa moja kutoka juu hadi chini, rimu itapata moto na mpira unaweza kupasuka kwenye kona mbaya kuliko zote. Bana, achia, bana, achia. Simama kila baada ya muda, gusa rimu kwa nyuma ya vidole haraka: ikiwa huwezi kuvumilia joto lake, kaa chini utazame bonde mpaka ipoe. Na shika upande wako. Fuso ya kabichi inahitaji kona nzima.

Sasa dada, kwa kuwa wewe uko Morogoro, una bonde lingine karibu zaidi na kwa anayeanza ni bora kuliko Lushoto, kwa sababu ni tambarare. Panda basi hadi Mikumi mjini. Narudia, panda basi: ile barabara inapita katikati ya hifadhi, tembo wanavuka na malori ni yaleyale unayoyakimbia. Mikumi mjini ndipo unashusha baiskeli na kukata kusini, barabara ya Ifakara. Utateremka vilima mpaka Kidatu, utavuka mto Ruaha Mkuu pale kwenye miwa, na kuanzia hapo unakwenda na Milima ya Udzungwa mkono wa kulia, msitu umesimama kama ukuta, na bonde la Kilombero mkono wa kushoto, limelala mpaka macho yanachoka. Mang'ula kuna lango la Hifadhi ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, na hapo pa kulala papo. Kabla ya kufika hapo unapita Sanje, ambako maporomoko yake yanashuka mita 170. Reli ya TAZARA unakwenda nayo sambamba. Wakati wa mavuno ya miwa kuwa macho na matrekta yanayovuta matela, maana yanaangusha mabua barabarani.

Ila nilichokipenda kule ni Ifakara yenyewe. Ifakara baiskeli ndiyo miguu ya watu. Asubuhi nimeona mama amevaa khanga mbili, mtoto mgongoni, gunia la mchele kwenye keria, anaendesha wima bila haraka, na nyuma yake mzee, na nyuma ya mzee wanafunzi watatu kwenye baiskeli moja. Niliingia mji ule na hakuna aliyegeuka kunitazama. Hakuna aliyenipigia mluzi, hakuna aliyeniuliza mume wangu yuko wapi. Nilijisikia vizuri mpaka machozi yakanilenga, nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

Ndiyo maana nasema, na wanaokasirika wakasirike, kwamba waendesha baiskeli wa nchi hii siyo sisi wa nguo za kubana. Ni yule mama. Anabeba mzigo, hana gia hata moja, na anafika kila siku. Tunapojenga vikundi vya kudharauliana kwa sababu ya kasi, tunamkataa yeye, na tunawafukuza watu ambao kesho wangeweza kuwa na afya na furaha. Kina dada mnaoniandikia kwa siri kwamba mnaona aibu kuonekana mtaani: pandeni. Vaa suruali, vaa dera lililofungwa vizuri lisiingie kwenye cheni, vaa unachokiweza. Usisubiri kikundi. Usisubiri upungue mwili kwanza. Usisubiri baiskeli ya bei. Nenda pole, fuata mto, salimia watu. Vijijini salamu ni ulinzi: ukishamwamkia mzee wa kona ya kwanza, kona ya tatu wanajua kuna mgeni wa baiskeli anapita.

Yule kiongozi wa kikundi, kwa taarifa yenu, mwaka jana alinitafuta. Aliona picha zangu akaomba njia ya Lushoto. Nilimtumia yote, kona kwa kona, mahali pa maji na mahali pa chai. Walikwenda, wakapanda mbio kama walivyozoea, na baadhi yao walifika Soni wakisukuma. Mimi barabara ile sijawahi kusukuma. Sijasikia samahani mpaka leo, na sijaidai, lakini ninyi mnaoongoza vikundi naomba mlisikie: mtu wa mwisho ndiye anayetakiwa kusubiriwa.

Nimalizie na swali ambalo wengi mnauliza, la kupandisha baiskeli kwenye basi. Ongea na konda kabla hujakata tiketi, siyo gari likiwa linaondoka, na mkubaliane bei ya mzigo. Dai risiti inayoitaja baiskeli. Toa gurudumu la mbele, lifunge ubavuni kwa mpira wa ndani uliochakaa, geuza usukani ulale sambamba na fremu, shusha kiti. Upande wa cheni uelekee juu, na funika eneo la gia kwa khanga ya zamani au kipande cha godoro. Simama hapo mpaka buti ifungwe, uone nini kimewekwa juu yake. Wakipandisha magunia ya viazi Mombo, shuka tena ukaangalie.