Sungura wa kijani, Jabba mwenye miguu na maswali yenu kuhusu katuni za Star Wars

Safari iliyopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba hadithi ya Star Wars, ile ya vita vya angani ya George Lucas, haikukomea kwenye filamu, iliendelea kwenye vitabu vya katuni. Mstari huo umeniletea maswali mengi kuliko makala yenyewe. Yaliyofanana nimeyaunganisha. Aliyeuliza kama Vader, yule adui wa kofia nyeusi, angemshinda Goku anisamehe, sitaki ugomvi na watu wa anime.

Hizo katuni ni za wenyewe, au ni mashabiki wanajitungia? (Msomaji, Morogoro)

Ni za wenyewe tangu siku ya kwanza, ndugu yangu, na zilitangulia hata filamu. Toleo la kwanza la kampuni ya katuni ya Marvel lilishaingia madukani Marekani kabla ya sinema kuanza kuonyeshwa tarehe 25 Mei 1977. Roy Thomas aliandika, Howard Chaykin akachora, na matoleo sita ya mwanzo yalisimulia filamu yenyewe. Kwa kuwa walifanya kazi filamu ikiwa bado haijakamilika, mna mambo humo ambayo sinema haikuwa nayo. Luke, kijana shujaa wa filamu, anaonekana nyumbani kwenye sayari ya Tatooine na rafiki yake Biggs, sehemu iliyopigwa picha kisha ikakatwa.

Kuanzia toleo la saba wakaachana na filamu. Vita imekwisha, medali zimevaliwa, na msomaji anataka kujua kesho yake kulikuwaje. Marvel ikaendelea kumjibu kila mwezi hadi 1986, matoleo 107. Jim Shooter, aliyekuwa mhariri mkuu wa Marvel kwa muda mrefu wa kipindi hicho, amesema mauzo ya Star Wars ndiyo yaliyoinusuru kampuni isifilisike. Sambamba na hayo kulikuwa na katuni za magazetini, 1979 hadi 1984. Zile alizochora Al Williamson, kwa maandishi ya Archie Goodwin, kwangu mimi bado hazijapata mpinzani kwa uzuri wa mkono.

Ni kweli kulikuwa na sungura wa kijani? Nimebishana na watu kijiweni wakaniita muongo. (Shabiki, Mombasa)

Kawaambie waombe radhi. Anaitwa Jaxxon, aliingia toleo la nane, ana urefu wa mtu mzima, nguo nyekundu na bunduki kiunoni. Han Solo, rubani wa magendo, na Chewbacca, mwenzake wa manyoya, wanakusanya kikosi cha watu wa kukodi kulinda kijiji cha wakulima, na huyo ni mmojawapo. Wapo wasomaji ambao mpaka leo hawajasamehe. Mimi nampenda, na sababu ni nyepesi: mwaka 1977 hakuna aliyejua Star Wars inaruhusu nini na inakataza nini. Filamu ilikuwa moja, yenye mtu wa manyoya anayeendesha chombo cha angani. Kwa nini manyoya yaruhusiwe na masikio marefu yakatazwe?

Filamu ya pili ilikuja 1980 na ya tatu 1983. Waandishi wa katuni waliwezaje kuendeleza hadithi ambayo mwenyewe hajaimaliza? (Mwanafunzi, Dodoma)

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Jibu fupi: waliishi kama wapangaji. Mpangaji huhamisha kochi, hupaka rangi akiruhusiwa, lakini ukuta habomoi. Na mwenye nyumba huyu, Lucas, alikuwa bado anajenga, wala ramani hawaonyeshi.

Chukua Jabba, kigogo wa wahalifu. Filamu ya kwanza ilimtaja tu kwa jina, sehemu aliyotokea ikakatwa. Marvel walihitaji sura ya kuchora, wakatoa kiumbe mwembamba anayesimama kwa miguu miwili, uso wa rangi ya manjano wenye ndevu kama za sili. Wakamtumia hivyo zaidi ya mara moja. Mwaka 1983 filamu ya tatu ikatoka, na Jabba ni lile konokono kubwa lisilo na gamba, limelala kwenye jukwaa na miguu halina. Ukisoma matoleo ya mwanzo leo unacheka, lakini jiweke mahali pa mchoraji: umepewa jina tu, ufanyeje?

Au chukua Luke na Leia, binti mfalme wa upande wa waasi. Matoleo ya kabla ya 1983 yana Luke anayemwangalia Leia kwa jicho la mapenzi, maana filamu zenyewe ziliacha mlango huo wazi. Kisha ikatangazwa kwamba ni ndugu, pacha kabisa. Mapenzi yale yakakunjwa kimya kimya kama mkeka baada ya shughuli.

Gumu kuliko yote lilikuwa la Han Solo. Filamu ya 1980 ilimwacha amegandishwa ndani ya kaboniti na mwindaji Boba Fett akaondoka naye. Kumkomboa ilikuwa kazi ya filamu inayofuata, ambayo ilikuwa miaka mitatu mbele. Katuni inatoka kila mwezi! Basi kwa miaka mitatu wenzake wanamtafuta, wanapata fununu, wanafika wamechelewa, na wewe msomaji unajua fika kwamba hapatikani. Waliosoma hadithi za magazeti yetu zinazokatwa kwa neno «itaendelea» wanalijua vizuri jambo hilo.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda zaidi. Mwaka 1981 mwandishi David Michelinie na mchoraji Walt Simonson walitaka Himaya, ile dola dhalimu wanayopigana nayo waasi, iunde Death Star ya pili, kituo cha angani cha umbo la tufe kinacholipua sayari. Wazo la kawaida tu, adui amepoteza silaha, atatengeneza nyingine. Lucasfilm, kampuni ya Lucas, wakasema hapana, hilo haliwezekani. Sababu tunaijua sasa: filamu ya 1983 ilikuwa na Death Star ya pili. Hao mabwana wakafanya nini? Walichora silaha ile ile bila tufe lake, mzinga mkubwa unaoelea angani, wakauita Tarkin. Ukuta haukuguswa, lakini kochi lilihamia katikati ya sebule.

Waliponawiri kweli ni pale walipoleta samani zao wenyewe. Mwaka 1982 wakamwingiza Shira Brie, rubani shupavu upande wa waasi, akakaribiana na Luke. Katikati ya mapigano Luke anaifuata ile Nguvu, uwezo wa kiroho wa mashujaa waitwao Jedi, anafyatua, na chombo alichokiangusha ni cha Shira. Wenzake wanamtenga. Yeye mwenyewe hajui kama ameua rafiki au Nguvu imemdanganya, mpaka anapogundua kwamba msichana yule alikuwa jasusi wa Himaya. Shira hakufa. Anarudi baadaye kwa jina la Lumiya, nusu mtu nusu mashine, na badala ya upanga wa mwanga ana mjeledi wa mwanga. Huyu filamu hazikumhitaji, kwa hiyo hakuna aliyemlinda wala kumzuia, na ndiyo maana ana damu mwilini kuliko Vader wa matoleo yale, aliyefungwa mikono.

Palpatine, mfalme wa Himaya, alitupwa shimoni 1983. Mwaka 2019 akarudi. Nimeambiwa hilo lilitoka kwenye katuni. (Msomaji, Nairobi)

Kwamba waliotengeneza filamu waliinakili, hilo siwezi kuapa. Lakini katuni ilitangulia kwa miaka 28. Dark Empire, matoleo sita, ilianza Desemba 1991 chini ya kampuni ya Dark Horse ya Oregon, iliyokuwa imechukua haki za katuni hizi. Tom Veitch aliandika na Cam Kennedy wa Scotland akachora. Ni miaka sita hivi baada ya filamu ya tatu, na Mfalme Palpatine yu hai, roho yake inahama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine ulioandaliwa kwa kunakiliwa.

Tofauti ni kwamba Dark Empire ilikuwa na sababu ya kumfufua. Luke anakwenda mwenyewe upande wa giza wa Nguvu, akijidanganya kwamba atauvunja kutokea ndani, na dada yake Leia, akiwa mjamzito, ndiye anayemfuata. Swali la kitabu ni kama mtoto anaweza kuingia chumba alichopotelea baba yake, Vader, akatoka mzima. Filamu ya 2019 ilimrudisha mzee tu, kwa tangazo, mwanzoni kabisa. Rangi za Kennedy nazo zina wenye kuzichukia, ukurasa mzima wa kijani, mwingine mwekundu. Mimi huzisoma usiku.

Nilinunua kitabu cha Dark Horse kwa muuza vitabu vya mitumba. Kijana wangu anasema «hakihesabiki». Hakihesabiki vipi na pesa nimelipa? (Baba wa watatu, Nakuru)

Mzee wangu, pesa yako haijapotea. Disney waliinunua Lucasfilm mwaka 2012 kwa zaidi kidogo ya dola bilioni 4, wakitaka kutengeneza filamu mpya. Nyuma yao kulikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya riwaya na katuni zilizokwisha kueleza Luke alioa nani, wana wa Leia ni wangapi, nani alikufa. Wangezifuata zote, filamu mpya isingekuwa na jambo la kusema. Tarehe 25 Aprili 2014 Lucasfilm wakatangaza kwamba filamu zinabaki historia rasmi, ila simulizi zile za pembeni zitaitwa Legends, yaani visasili. Mwisho wa mwaka huo leseni ya Dark Horse ikaisha, kazi ikarudi Marvel, ambayo nayo ni mali ya Disney tangu 2009.

Kwa hiyo kijana ana haki kwa upande mmoja: filamu mpya hazilazimiki kukifuata kitabu chako. Lakini hadithi za Abunuwasi nazo hakuna aliyezipigia mhuri. Ukibahatika kuiona Legacy kwa muuzaji huyo huyo, ichukue bila kufikiri. Ni ya John Ostrander na Jan Duursema, matoleo 50 kati ya 2006 na 2010, na inatokea zaidi ya miaka mia moja baada ya filamu. Mhusika mkuu ni Cade Skywalker, mjukuu wa ukoo ule mkubwa, anayewinda watu kwa malipo, analewa unga, na hataki kabisa kusikia habari za Ujedi. Mwenye nyumba hakuwahi kujenga upande ule wa kiwanja, wakajenga wao.

Kuna mhusika aliyetoka kwenye katuni akaingia filamu? (Msomaji, Muscat)

Yupo Aayla Secura, Jedi wa ngozi ya buluu. Waliomuunda ni hao hao Ostrander na Duursema. George Lucas aliona mchoro wake, akampenda, akamweka kwenye filamu ya 2002.

Sijawahi kusoma hata moja. Nianzie wapi bila kupotea? (Msomaji, Arusha)

Usianzie mwanzo. Najua ni kinyume na ulivyotarajia, lakini matoleo ya 1977 yana maneno mengi mno kwenye kila picha, utachoka.

Anza na Darth Vader ya 2015, matoleo 25, ya Kieron Gillen na mchoraji Salvador Larroca. Iko kati ya filamu ya 1977 na ya 1980, na inaziba pengo ambalo wengi tulilipita bila kuliona. Katika filamu ya kwanza Vader hajui ni nani aliyeilipua Death Star. Ya pili inapoanza, anamsaka Luke Skywalker kila pembe. Nani alimwambia? Filamu haisemi. Katika toleo la sita Boba Fett anarudi kutoa taarifa, kijana amemponyoka, kitu pekee alichopata ni jina. Analitamka: Skywalker, jina la zamani la Vader mwenyewe. Vader hajibu neno, amesimama dirishani akitazama nyota, na kioo mbele yake kinaanza kupasuka. Ndani ya kurasa chache mtu anagundua kwamba ana mtoto na kwamba bwana wake Palpatine amemdanganya miaka yote. Uso hatuuoni, ni kofia nyeusi ile ile, picha baada ya picha. Sinema ingeweka muziki hapo. Karatasi inakuacha peke yako na ile kofia.

Humo pia, toleo la tatu, utakutana na Daktari Aphra, mwanaakiolojia mjanja na mwizi, aliyependwa hadi akapewa mfululizo wake mwenyewe. Ukimaliza, soma Star Wars ya Jason Aaron na John Cassaday iliyoanza Januari mwaka huo huo. Maduka yaliagiza karibu nakala milioni moja za toleo lake la kwanza. Hizo mbili zinapokezana, zinatumia hata matukio yale yale kutoka pande mbili.

Baba yangu kila akiona filamu ya 1983 hucheka sehemu moja ambayo hakuna mwingine anayecheka. Katuni zina sehemu hiyo? (Msomaji, Eldoret)

Nadhani naijua. Ni pale Nien Nunb, rubani msaidizi wa Lando mwenye mashavu yaliyoning'inia, anapozungumza ndani ya chombo cha angani cha Millennium Falcon. Sauti ile ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa anasoma Marekani, na alichokisema hakikuwa lugha ya kubuni. Kuna Kikalenjin na kuna Kikikuyu. Dunia nzima ilisikia kiumbe wa sayari ya mbali, na wazee wa kwenu walimsikia jirani.

Katuni ya filamu ile ipo, Marvel waliitoa mwaka huo huo kwa matoleo manne. Lakini hapo karatasi imeshindwa, haina sauti. Mkae na mzee, wewe ushike kitabu, yeye asome maneno ya Nien Nunb.