Molekuli za kikaboni juu ya silikoni: maswali na majibu

Je, molekuli ikishatua juu ya silikoni hubaki na viwango vyake vya nishati (nishati ambazo elektroni zake zinaweza kuwa nazo) vilevile?

Hapana. Uso wa silikoni uitwao (100), yaani uliokatwa kwa mwelekeo mmoja maalumu wa fuwele, una atomu zilizojipanga jozi jozi, na kila jozi imeinama, hivi kwamba atomu iliyoinuka ina elektroni nyingi zaidi kuliko mwenzake. Benzeni, molekuli yenye pete ya kaboni sita, ikitua hapo, katika mkao wake mmoja unaojulikana sana, kaboni mbili zinazokabiliana hufunga miungo (vifungo vya kemikali) na atomu mbili za jozi moja, nayo pete hukunjika kama mabawa ya kipepeo. Elektroni sita zilizokuwa zikienea pete nzima hubaki nne, zikiwa zimefungiwa katika miungo maradufu miwili. Kwa maana ya kielektroniki, hiyo si benzeni tena.

Kwa nini nitumie silikoni na si dhahabu?

Metali kama dhahabu ina viwango vya elektroni karibu kila mahali, kwa hiyo viwango vya molekuli huchanganyika navyo na kutanuka. Silikoni ina pengo, yaani eneo la nishati lisilo na kiwango chochote cha elektroni, lenye upana wa elektroni-volti 1.12 (elektroni-volti ni kipimo cha nishati), kwa hiyo kiwango cha molekuli kinachoangukia ndani ya pengo hilo hakipati cha kuchanganyika nacho, na hubaki chembamba.

Hesabu zangu za kompyuta zinalingana na vipimo. Je, niziamini?

Usiharakishe. Kung'oa elektroni moja kutoka kwenye benzeni iliyo peke yake hugharimu elektroni-volti 9.24, na kuibandika elektroni ya ziada hugharimu nyingine 1.1 hivi, kwa hiyo pengo halisi la molekuli, kati ya viwango vilivyojaa na vilivyo tupu, linazidi kidogo 10. Hesabu za kawaida za nadharia ya msongamano wa elektroni, iliyompatia Walter Kohn Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998, hutoa takriban 5. Karibu na uso, hata hivyo, pengo halisi lenyewe hupungua, kwa sababu chaji inayowekwa kwenye molekuli huvuta chaji taswira (chaji ya kinyume, kama picha kwenye kioo) ndani ya silikoni, ambayo ni takriban asilimia 84 ya chaji yenyewe. Hesabu hizo za kawaida haziuoni mvuto huo hata kidogo. Basi kosa la kwanza linapunguza pengo, la pili linaliacha lilivyo, na mara nyingine yanakaribia kufutana; kulingana kwa namna hiyo, kwa maoni yangu, ni hatari kuliko kutolingana. Mbinu ya GW, inayokokotoa moja kwa moja nishati ya kuongeza au kuondoa elektroni, hushughulikia yote mawili, ingawa ni nzito mno kwa mifumo mikubwa.

Viwango hivyo hupimwaje?

Mwanga wa urujuanimno wa heliamu, wenye elektroni-volti 21.2, hutoa elektroni kutoka viwango vilivyojaa tu. Hadubini ya ncha, inayopima mkondo wa elektroni kati ya ncha kali na uso, iliyobuniwa na Binnig na Rohrer mwaka 1981 huona vilivyojaa na vilivyo tupu, kwa kugeuza mwelekeo wa volteji. Kumbuka tu kwamba sehemu ya volteji hiyo hupotelea ndani ya silikoni yenyewe, kwa hiyo namba inayosomwa kwenye kifaa huwa kubwa kuliko nishati halisi ya kiwango.