Wilaya Ilikuwa Juu ya Jimbo, Mwanangu Alikuwa Chini

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja mzaliwa wa Bukavu, anayeishi Phoenix, ambaye mumewe amepata kazi karibu na Houston na wanataka kuhamia Texas kabla shule hazijafunguliwa. Alinitajia wilaya mbili za shule, ya kwanza ikiwa na daraja A na ya pili B, kisha akauliza: "Mama Idrisa, nikalipe kodi kubwa ya nyumba kwa ajili ya hiyo A?" Niliusoma nikiwa zamu ya usiku na sikuweza kumjibu papo hapo, kwa sababu swali hilo nilijiuliza mwenyewe mwaka 2022, na jibu nililojipa lilimgharimu mwanangu mwaka mzima wa masomo.

Kwa walio nyumbani niseme kwanza kwamba Texas ina wilaya za shule zaidi ya 1,000, na mipaka yake si lazima ifuate mipaka ya mji. Kila wilaya ina bajeti yake na huajiri walimu wake. Idara ya elimu ya jimbo, TEA, huwapima wanafunzi wa darasa la tatu hadi la nane, na wa baadhi ya masomo ya sekondari, kwa mtihani uitwao STAAR, kisha huzipa wilaya na shule herufi kuanzia A hadi F. Herufi hizo ndizo madalali wa nyumba huzitanguliza wanapokuonyesha nyumba, na ndizo sisi wageni huzishika.

Mimi nilisomea Tanga, enzi ambazo matokeo yakitoka kila mtu alisubiri kusikia shule kumi bora na shule kumi za mwisho. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha za namna hiyo Januari 2023, lakini sisi tuliolelewa nazo bado tunazo vichwani. Kwa hiyo Agosti 2022, madaraja yalipotoka baada ya kusitishwa wakati wa janga la Korona, nilitafuta A tu. Tukahama kutoka kusini-magharibi mwa Houston, mahali ambapo jirani aliweza kukuazima mbuzi ya kukunia nazi, tukaenda viungani kwenye kodi iliyozidi ile ya awali kwa dola 450 kwa mwezi. Mume wangu aliongeza safari za lori, nami nikaanza kufanya kazi usiku. Idrisa alikuwa na mwaka mmoja tu tangu atoke kwa bibi yake, na aliingia darasa la nne.

Matokeo ya STAAR yalipotoka mwaka uliofuata, Idrisa hakufikia kiwango katika kusoma. Oktoba 2023 niliomba kuonana na uongozi wa shule. Msaidizi wa mwalimu mkuu alinikaribisha vizuri, akageuza kompyuta yake ili nione, na kunionyesha nguzo mbili za rangi, ya jimbo ikiwa fupi na ya wilaya ikiwa ndefu. Alisema wilaya iko juu ya jimbo katika kila somo, na hilo ndilo lililokuwa jibu lake lote kuhusu mtoto wangu. Nikashukuru, nikaondoka nikiamini kwamba kama shule ni nzuri kiasi hicho, basi kasoro ni ya mtoto. Jioni hiyo nilimwambia Idrisa kwamba wenzake wote wanaweza isipokuwa yeye. Tangu siku hiyo aliacha kusoma kwa sauti nikiwa sebuleni, akawa anasubiri niende kazini. Nimemwomba radhi zaidi ya mara moja, na bado nikilikumbuka moyo unaniuma.

Aliyenifumbua macho ni mfanyakazi mwenzangu, mama wa Kinigeria aliyesomesha watoto wanne hapa. Aliniambia herufi ni jalada tu, nikatafute ripoti ndefu ambayo TEA huitoa kila mwaka kwa kila wilaya, iitwayo TAPR. Niliichapisha maktaba ya umma, nikaitandaza mezani na kuweka rula ya Idrisa chini ya mstari wa kusoma, darasa la nne. Safu ya kwanza ni jimbo, ya pili ni kanda, ya tatu ni wilaya, na kweli wilaya ilikuwa juu. Nikaendelea kufuata rula kulia, nikapita safu za watoto weusi, Walatino, weupe na Waasia, hadi safu ya mwisho kabisa ya wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Nambari ilishuka mno. Lakini ripoti ya wilaya haikuonyeshi wanafunzi wa namna hiyo wana hali gani katika jimbo zima, kwa hiyo nililazimika kuichapisha na ripoti ya jimbo, nikalaza karatasi mbili sambamba. Watoto kama Idrisa katika wilaya yetu ya A walikuwa chini ya watoto kama Idrisa katika Texas nzima.

Niliyaangalia makaratasi yale hadi kukakucha. Zaidi ya asilimia 60 ya wanafunzi wa Texas wanatoka katika familia zenye kipato kidogo, na wilaya yetu ilikuwa na chini ya nusu ya kiwango hicho. Kumbe ile nguzo ndefu ilipanda kwa sehemu kubwa kwa sababu ya watoto ambao nyumbani wana vitabu, mwalimu wa ziada na mzazi asiyefanya kazi usiku. Hata namna ya kuipata herufi inasaidia kuficha: TEA huchukua kilicho bora kati ya ufaulu na maendeleo ya wanafunzi, na hicho hubeba asilimia 70 ya alama, huku asilimia 30 zikitoka katika kipimo cha kuziba mapengo baina ya makundi. Wilaya yenye watoto wengi wa familia zenye uwezo inaweza kubebwa na ufaulu peke yake. Tena herufi za 2022 hazilinganishiki na za miaka iliyofuata, kwa kuwa kuanzia 2023 jimbo lilipandisha viwango, hasa kile cha kuwaandaa wahitimu wa sekondari kwa chuo, kazi au jeshi, ambacho kupata A kulihitaji asilimia 60 na sasa kunahitaji 88.

Nilirudi shuleni na karatasi zangu mbili. Sikugombana na mtu. Niliuliza ni nani anayemfundisha mwanangu Kiingereza, kwa dakika ngapi, na siku ngapi kwa wiki. Huko ndiko nilikojua kwamba sheria ya Texas huilazimisha wilaya kuwa na programu ya lugha mbili pale tu inapokuwa na wanafunzi 20 au zaidi wa lugha moja katika ngazi moja ya darasa kote wilayani, jambo ambalo wenye Kihispania hulifikia na sisi wa Kiswahili ni nadra kulifikia. Watoto wetu huingizwa ESL, yaani masomo ya Kiingereza kwa wenye lugha nyingine, na ubora wake hutegemea sana mwalimu aliyepo. Baada ya majuma matatu ya kufuatilia, Idrisa alianza kutolewa darasani siku nne kwa wiki kwenda kusoma katika kikundi cha watoto watano.

Mwaka 2025, akiwa darasa la sita, alifaulu kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika Kiingereza, akafikia kiwango cha STAAR katika kusoma, na kamati ikamtoa katika programu hiyo. Barua yao ipo ukutani sebuleni, karibu na picha ya bibi yake.

Wazazi wenzangu, najua sote tulivuka bahari kwa ajili ya watoto hawa, na najua hakuna anayepangisha nyumba ya bei ghali kwa anasa. Ndiyo maana nawasihi msihame kwa herufi. Someni safu ya mtoto wenu. Mwenye mtoto wa mahitaji maalumu asome safu hiyo, na mwenye mtoto anayejifunza Kiingereza asome yake, akikumbuka kwamba safu hiyo huchanganya pia waliokwisha kutoka katika programu na bado wanafuatiliwa, kwa hiyo huonekana nzuri kuliko hali ilivyo. Kisha aiweke karibu na safu ileile ya jimbo. Tazameni pia ukurasa wa walimu, muone wangapi ni wapya na wangapi huondoka kila mwaka. Na mtu wa shule akikuambia wilaya iko juu ya jimbo, mkubalie, kisha muulize ni watoto gani walioipandisha.

Dada yangu wa Phoenix, Jumamosi nilifungua ripoti za wilaya zako zote mbili pamoja na ya jimbo. Katika ile ya A, safu ya wanaojifunza Kiingereza iko chini ya jimbo. Katika ile ya B iko juu, kwa kusoma na kwa hesabu, na walimu wake hukaa muda mrefu zaidi. Anza kutafuta nyumba huko kwenye B. Siku ya kuandikisha nenda na kadi za chanjo na vyeti vya kuzaliwa, na kabla hujasaini chochote omba kuonana na mwalimu wa ESL mwenyewe.