Kabla ya kuchagua kiti cha dirishani, uliza jua litakuwa upande gani

Kwa miaka mingi nilidhani ukishapata kiti cha dirishani umeshapata yote. Kisha asubuhi moja, tukiwa angani, rubani akatangaza kwamba mlima unaonekana upande wa kushoto, hauna hata wingu. Mimi nilikuwa kulia. Jua lilinipiga machoni, na huko nje sikuona ila weupe mtupu, huku abiria wa upande wa pili wakipiga picha. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo sichagui safu kabla ya kuchagua upande.

Anza na ramani. Tovuti ya Flightradar24 huonyesha njia ambayo safari kama yako ilipita siku zilizotangulia, na mara nyingi njia hiyo haijanyooka kama unavyodhani. Tazama mlima au kisiwa unachokitamani kiko mkono gani. Kilicho chini yako kabisa hutakiona, kwa sababu tumbo la ndege linakificha, kwa hiyo usihuzunike kikiwa mbali kidogo. Ndege ikiwa mita 10,000 juu, na anga likiwa safi, upeo wa macho uko kama kilomita 350 kutoka ulipo.

Halafu jua. Ukielekea kaskazini asubuhi, jua liko kulia kwako, basi kaa kushoto. Jioni, kinyume chake. Upande wa jua kila mkwaruzo wa dirisha unang'aa na mandhari yanafifia, lakini upande wa pili rangi zinatulia. Na kuna zawadi ambayo walioketi upande wa jua hawaipati kamwe: kivuli cha ndege juu ya mawingu, kimezungukwa na pete ya rangi kama upinde wa mvua mdogo. Nilipoiona mara ya kwanza niliifuata kwa macho mpaka mawingu yakaisha. Machweo peke yake ndiyo yanayonifanya nilifuate jua.

Safu sasa. Kaa mbele ya bawa ukiweza. Katikati bawa linaziba ardhi, na nyuma yake hewa ya moto ya injini hufanya vitu vionekane vinatetemeka, jambo linaloharibu picha. Ndege za mapangaboi kama ATR 72 zina mabawa juu ya madirisha, hivyo humo sihangaiki sana na safu. Kwenye Boeing 737 kuwa mwangalifu: upande wa kushoto, mbele kidogo ya bawa, kuna mahali ambapo mabomba ya hewa hupita ukutani, na anayeketi hapo anaweza kukuta ukuta mtupu badala ya dirisha. Mchoro wa viti hausemi hivyo kila mara, kwa hiyo tafuta picha za abiria waliowahi kukaa hapo.

Herufi A ni dirisha la kushoto. La kulia ni herufi ya mwisho ya safu, mara nyingi F kwenye ndege zenye njia moja ya kupita katikati.

Usiku wengi hufunga dirisha wakidhani hakuna cha kuona. Zima taa yako ya kusomea, jifunike koti kichwani pamoja na dirisha ili mwanga wa ndani usiakisi kwenye kioo, kisha ngoja dakika kumi macho yazoee giza. Nyota zitatokea moja moja, halafu nyingi.